Re: Entebbe hadi Nairobi ni dakika 37 au saa nzima?

Ndugu, unauliza kwa nini tiketi inaandika zaidi ya saa nzima wakati wewe unapata dakika 37. Hesabu yako haina kosa. Kutoka Entebbe hadi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 520, na ukigawa kwa mwendo wa ndege ya jeti, kilomita 850 kwa saa, unapata hizo dakika 37. Shida ni kwamba ndege haipati huo mwendo tangu inyanyuke. Tiketi inahesabu tangu ndege iondoke ilipoegeshwa hadi isimame upande wa pili: kujikokota kwenda njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na pale Nairobi kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana wanaandika saa moja na dakika kumi hivi. Safari yangu ya mwisho soda ilikuwa nusu, mhudumu akaja kukusanya vikombe. Ziwa tulikuwa tumeliacha nyuma kitambo.

Saa hazibadiliki, Kampala na Nairobi ni zilezile. Kwa hiyo ukiondoka saa moja asubuhi, mkutano wa saa tano Westlands unauwahi, ila usiwe na begi la kusubiri kwenye mkanda.

Mimi ningehofia zaidi barabara ya kutoka kwako Ntinda, hapo Kampala, hadi uwanja wa Entebbe. Pita Northern Bypass, uingie barabara ya kulipia pale Busega, na uwe umetoka nyumbani saa kumi alfajiri. Basi usilifikirie kabisa, mpaka wa Malaba peke yake unaweza kukulia masaa.