Maswali ya Kodi: Jimbo lisilokata mshahara linakata wapi?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tunaishi Pennsylvania. Ndugu wa mume wangu walioko Texas wanamshawishi tuhamie huko kwa sababu jimbo haligusi mshahara. Wengine wanatutisha kwamba kodi ya majengo ya huko inafilisi. Tumsikilize nani? Kipato chetu ni dola 90,000 kwa mwaka, na nyumba tunayotafuta ni ya dola 350,000.
Mama wa watoto watatu, Pennsylvania

JIBU: Kila upande umewaambia nusu ya habari. Majimbo 9 hayatozi kodi ya mapato kwenye mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Lakini shule na polisi lazima walipwe na mtu. New Hampshire haitozi mshahara wala mauzo, na kodi yake ya majengo ni kati ya zile za juu kabisa Marekani. Tennessee hukamata watu dukani: asilimia 7 ya jimbo, juu yake kodi ya eneo hadi asilimia 2.75, na hata unga na mchele jimbo linachukua asilimia 4. Alaska ina mafuta, hiyo tuiache pembeni.

Sasa shikeni kalamu. Tuchukue kiwango cha mfano cha Texas, dola 2.20 kwa kila dola 100 ya thamani, ambapo dola 1.00 ni ya shule na 1.20 ni ya kaunti, mji na wengineo. Kwa nyumba mnayoishi wenyewe, tangu mwaka wa kodi 2025, dola 140,000 za kwanza hazihesabiwi upande wa shule. Kwa hiyo shule inatoza dola 210,000 tu: dola 2,100. Upande wa pili, dola 350,000 kwa 1.20: dola 4,200. Jumla ni dola 6,300. Mkinunua vitu vya dola 25,000 vinavyotozwa kodi ya mauzo, kwa asilimia 8.25 ya miji mingi, ongezeni dola 2,060 hivi. Texas: dola 8,360.

Pennsylvania: kodi ya mapato ya asilimia 3.07 ni dola 2,763. Manispaa ikichukua asilimia 1 ya mshahara (nyingi huchukua hivyo, Philadelphia huchukua zaidi ya mara tatu), ni dola 900. Kodi ya majengo, tuseme asilimia 1.5, ni dola 5,250. Kodi ya mauzo ni asilimia 6, na nguo hazitozwi, hivyo kati ya zile dola 25,000 tutoe 3,000 za nguo: inabaki dola 1,320. Jumla dola 10,233. Hapo shemeji zako wameshinda kwa takriban dola 1,870.

Lakini badilisheni kitu kimoja tu, umri. Mkiwa wastaafu wa miaka 65 na zaidi, Pennsylvania haitozi pensheni wala mafao ya uzeeni, na manispaa haina mshahara wa kukata. Zinabaki dola 6,570. Texas inawaongezea wazee msamaha wa dola 60,000 upande wa shule, kwa hiyo bili inashuka dola 600 hadi kama dola 7,760. Nyumba ileile, matumizi yaleyale, na "jimbo lisilo na kodi" ndilo limekuwa ghali.

Viwango vya majengo hapo juu ni vya mfano, vyenu vitatoka kwenye anwani halisi. Msichukue wastani wa jimbo. Vitongoji vipya vya Texas mara nyingi vimo ndani ya wilaya ya maji na majitaka inayolipia deni la mabomba na mifereji. Mtozaji huyo wa ziada anaweza kuongeza senti 50 au zaidi kwa kila dola 100, ambazo kwa nyumba yenu ni dola 1,750 kwa mwaka. Dalali hataanza na hilo. Fungueni tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti, andikeni namba ya nyumba, someni orodha ya watozaji mmoja mmoja.

SWALI: Tulinunua nyumba Florida Juni mwaka jana. Bili ya mwaka jana ilikuwa dola 2,900, ya mwaka huu ni 5,700, na benki imepandisha marejesho kwa karibu dola 470 kwa mwezi. Fomu ya homstedi, ule msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, tumeshajaza. Tumeibiwa?
Baba Neema, Orlando

JIBU: Hapana, Baba Neema, ila mlinunua nyumba kwa bili ya mtu mwingine. Florida, thamani ya kutozea kodi ya nyumba yenye homstedi haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au kiwango cha mfumuko wa bei kikiwa chini ya hapo. Aliyekuuzia alikaa miaka mingi, bei ya soko ikapaa, thamani yake kwenye vitabu ikabaki chini. Tarehe 1 Januari baada ya mauzo, kinga yake hufutwa na nyumba hurudishwa kwenye bei ya soko. California ina utaratibu wa jamii hiyo tangu 1978, kikomo chake asilimia 2, na Michigan tangu 1994. Ndiyo maana majirani wawili wenye nyumba pacha wanaweza kupishana bili mara mbili.

Hizo dola 470 ni mizigo miwili iliyobebeshwa pamoja. Akaunti ya eskro, ambamo benki hukusanya fedha za kodi ya nyumba kila mwezi, ilikusanya za bili ya 2,900, kisha benki ikalipa 5,700. Upungufu wa dola 2,800 ukigawanywa kwa miezi 12 ni dola 233. Bili mpya nayo inahitaji dola 233 zaidi kila mwezi. Mkilipa upungufu kwa mkupuo, nusu ya ongezeko inaondoka, na hata msipolipa, itaondoka baada ya mwaka. Benki inaruhusiwa pia kushikilia akiba ya miezi miwili, kwa hiyo msishangae dola chache juu ya hizo.

Kama mlikuwa na homstedi nyingine Florida kabla ya hapa, mnaweza kuhamisha kinga mliyojijengea, hadi dola 500,000, kwa fomu DR-501T. Fomu hiyo hujazwa pamoja na ya homstedi, mwisho tarehe 1 Machi. Wengi hujaza moja na kusahau ya pili.

SWALI: Nimeletewa makadirio, nyumba yangu Houston imepanda hadi dola 400,000. Nikate rufaa vipi?
Msomaji wa siku zote

JIBU: Mwisho ni 15 Mei, au siku 30 tangu barua kutumwa, ipi inakuja baadaye. Kwenye fomu ya pingamizi weka alama mbili: thamani imezidi bei ya soko, na thamani hailingani na ya nyumba za aina yake. Ukiweka moja tu, mlango wa pili umejifungia mwenyewe. Omba papo hapo ushahidi watakaoutumia. Wanatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao.

Kabla ya kutafuta nyumba za kulinganisha, soma kadi ya nyumba yako kwenye tovuti. Pima mwenyewe. Kadi ikisema futi za mraba 2,400 na wewe una 2,150 kwa sababu gereji imehesabiwa kama chumba, kesi imekwisha kabla haijaanza. Kisha leta mauzo matatu hadi matano ya karibu na 1 Januari, mtaa huohuo, ukubwa na umri unaokaribiana. Picha ya ufa wa msingi peke yake haitoshi, iambatane na makadirio ya fundi yenye bei.

Usiende kulalamika kwamba kodi ni kubwa. Jopo la rufaa halipangi viwango, linasikiliza thamani tu. Na angalia mstari wa thamani ya kutozwa: kama kinga ya nyumba unayoishi mwenyewe, inayoizuia kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, imeishikilia kwenye dola 340,000, kushusha bei ya soko kutoka 400,000 hadi 380,000 hakupunguzi hata senti mwaka huu.

SWALI: Nasikia kikomo cha kuondoa kodi za jimbo na za mitaa kwenye mapato yanayotozwa na serikali kuu kimepanda hadi dola 40,000. Nitarudishiwa?
Fundi umeme, Dallas

JIBU: Kimepanda kweli kutoka 10,000 kuanzia mwaka wa kodi 2025, lakini kwa familia nyingi za Texas hakibadilishi kitu. Punguzo la kawaida, lile unaloweza kuchukua badala ya kuorodhesha gharama moja moja, kwa wanandoa mwaka 2025 ni dola 31,500. Kodi ya majengo 6,300, kodi ya mauzo 1,500 na riba ya mkopo 18,000 zinafika 25,800 tu. Chukueni la kawaida.

SWALI: Mimi napanga, Minneapolis. Haya yananihusu?
Dada wa ghorofa ya tatu

JIBU: Yanakuhusu, kwa kuwa mwenye nyumba huitia kodi ya majengo ndani ya pango lako. Minnesota huwarejeshea wapangaji wa kipato cha chini na cha kati sehemu yake, na tangu mwaka wa kodi 2024 hudaiwa ndani ya ritani ya mapato, si kwa fomu ya peke yake kama zamani. Mwenye nyumba anatakiwa kukupa cheti cha pango ulilolipa ifikapo 31 Januari. Februari ikianza hujakiona, mdai kwa maandishi.