Kuhesabu dalili kabla ya jibu la maabara

Swali: Mimi ni tabibu katika zahanati ya kijiji mkoani Tanga. Kila wiki tunatuma takwimu kwa simu, zikiwamo za wagonjwa wa kuhara, ingawa zaidi ya kipimo cha haraka cha malaria hatuna cha kumpimia mtu. Dalili ambayo yaweza kuletwa na vimelea vingi tofauti inawezaje kufichua mlipuko? Na nikiona ongezeko, nitajuaje kwamba si la kawaida?

Jibu: Ndugu Tabibu, ufuatiliaji wa dalili haudai kulijua jina la ugonjwa. Kazi yake ni kufupisha muda unaopita tangu watu waanze kuumwa hadi mtu mwenye dhamana aanze kuuliza maswali. Mgonjwa wa kuhara hukaa nyumbani siku moja au mbili, hununua dawa dukani, ndipo huja kwako. Sampuli yake ikichukuliwa husafiri mbali, na jibu hurudi baada ya siku kadhaa, ilhali hesabu yako iko tayari jioni ile ile.

Mfano unaotajwa sana katika fani yetu ni wa mji wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, ambako vimelea vya kriptosporidiamu vilipenya kwenye maji ya bomba na watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 wakaugua. Vipimo vya kawaida vya kinyesi havikuwa vikikitafuta kimelea hicho, kwa hiyo maabara haikuwa na la kusema, huku madukani dawa za kuzuia kuhara zikiadimika na watu wengi wakikosekana kazini na shuleni. Nawe muulize mara kwa mara mwenye duka la dawa hapo kijijini kama pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, zinatoka kuliko kawaida. Mara nyingi hujua kabla yako.

Kuhusu swali lako la pili, huwezi kulijua ongezeko usipoijua kawaida ya zahanati yako mwenyewe. Tuseme kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha wagonjwa wa nje kinaonyesha wagonjwa wa kuhara katika wiki nane kuwa 11, 9, 14, 10, 12, 8, 13 na 11. Jumla ni 88, wastani 11. Toa wastani katika kila idadi, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: utapata 28. Gawanya kwa 7, yaani idadi ya wiki kasoro moja, upate 4, ambayo kipeuo chake cha pili ni 2. Huo ndio mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi idadi za wiki zinavyotofautiana na wastani. Wastani ukiongezewa mikengeuko miwili ni 15, ukiongezewa mitatu ni 17. Wiki yenye wagonjwa 16 inastahili kutazamwa kwa makini. Yenye 19 inastahili simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyo hiyo, bila kungoja fomu ya wiki.

Katika hesabu hiyo, ziruke wiki mbili zilizo karibu kabisa na hii unayoipima. Mlipuko unaopanda polepole ukiachwa uingie kwenye wastani, huupandisha wastani huo, na hivyo hujificha ndani ya kipimo kilichowekwa kuukamata. Masika yakianza, wiki nane za kiangazi hazikufai peke yake. Linganisha na wiki kama hizo za miaka iliyopita.

Tazama pia jumla ya wagonjwa wote. Dawa zikiwa zimefika baada ya mwezi mzima wa uhaba, kila mtu huja, na wenye kuhara huongezeka pamoja na wenye kikohozi na wenye maumivu ya mgongo. Kama wenye kuhara walikuwa 11 kati ya 110 na sasa ni 19 kati ya 190, sehemu yao haijabadilika, ingawa simu bado unaweza kupiga. Mimi simlaumu anayepiga simu kwa jambo linalokuja kuonekana si lolote.

Kipo kizingiti kisichohitaji hesabu yoyote. Mtu mzima mmoja aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara maji maji, mtoto aliyelegea ghafla mguu au mkono, au watu wawili wa nyumba moja wenye homa na kutokwa damu, hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Mkoani Kagera, tarehe 16 Machi 2023, Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa usiojulikana wenye homa, kutapika, kutokwa damu na figo kushindwa kufanya kazi. Jina la ugonjwa huo, Marburg, lilitangazwa tarehe 21. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni walikuwa wamekufa watu sita. Wagonjwa wote walikuwa tisa tu, idadi ambayo wastani wa wiki usingeitambua kamwe.

Ukifikia 19, rudi kitabuni kabla ya jambo lingine na uwapange wagonjwa kwa vitongoji. Hapa ndipo tunapokwama mara nyingi: nimewahi kupekua kitabu ambacho safu ya makazi ilikuwa imeandikwa "hapa hapa" kurasa tatu mfululizo. Kama 12 kati ya 19 wanatoka kitongoji kimoja, waulize wanateka maji wapi. Kisha, bila kuchelewesha ORS wala dripu, chukua sampuli ya kinyesi kabla mgonjwa hajapewa antibiotiki, uitie katika kichupa cha Cary-Blair, chenye kitu cha kutunza vimelea hadi maabara, ukifunge vizuri, uandike tarehe na kitongoji. Ukishuku kipindupindu, usikiweke kwenye jokofu. Kisafirishwe katika joto la kawaida, kwenye kivuli.