Mbu ndio waliommaliza ʻōʻō wa Kauai

Umeuliza ndege huyu wa Kauai, kisiwa cha Hawaii, alitowekaje ilhali msitu wake bado umesimama. Jibu kubwa ni mbu. Visiwa vile havikuwa na mbu hata mmoja hadi walipoletwa na meli, miaka ya 1820. Wakaeneza malaria ya ndege (si hii yetu, kimelea chake ni kingine), na ndege wa huko hawakuwa na kinga nayo. ʻŌʻō akabaki juu kabisa, kwenye kinamasi cha Alakai, ambako baridi iliwazuia mbu. Hata huko panya walimfuata hadi kwenye matundu ya miti alimotaga. Kisha Novemba 1982 kikapiga kimbunga Iwa. Tangu hapo jike hakuonekana tena, akabaki dume peke yake.

Alisikika mara ya mwisho mwaka 1987. Rekodi za sauti yake zipo, zisikilize: mluzi laini kama filimbi, kisha kimya, kisha mluzi tena. Hawa walikuwa wakiimba kwa kupokezana, dume na jike. Kile kimya kilikuwa zamu ya jike. Mimi huishia hapo kila mara, siwezi kuendelea.

Na usimhesabu pamoja na ndege wetu chozi kwa sababu tu alikunywa nekta, yaani maji matamu ya maua. Vipimo vya DNA vya mwaka 2008 vilionyesha kwamba yeye na ndugu zake wa Hawaii walikuwa familia yao wenyewe. Familia nzima imekwisha.