Fundi au muuzaji, jitaje kabla ya kushauri

Mkuu, umeuliza kama walioajiriwa kwenye kampuni za kamera walazimike kujitaja wanapochangia kwenye makundi ya wapiga picha. Mdau hapo juu amejibu kwamba ushauri mzuri ni mzuri tu, hata utoke kwa nani. Mimi ni fundi wa lenzi, ndiyo kazi inayonilisha, na sikubaliani naye.

Mtu analeta picha zilizopauka kwa mwanga mwingi. Alizopiga tundu la lenzi likiwa wazi kabisa ziko sawa, za f/11, yaani tundu likiwa limebanwa, ndizo zimeharibika. Ikiwa lenzi ni ya zamani, cha kwanza ninachoshuku ni grisi: joto limeitenganisha, mafuta yake yametambaa hadi kwenye vile vibati vyembamba vinavyopunguza tundu, na sasa vinachelewa kujifunga kamera inapopiga. Hadi hapo sina cha kuvutia upande wangu. Swali linalofuata ndilo lenye pesa: aisafishe au anunue nyingine? Mimi nalipwa kusafisha, muuzaji analipwa akiuza. Sote wawili tunaweza kuwa wakweli kabisa, lakini msomaji atatupimaje bila kujua nani anakula wapi? Ndiyo maana sentensi yangu ya kwanza huwa "natengeneza lenzi kwa malipo". Kuiweka kwenye wasifu peke yake hakutoshi, maana wengi wanafikia jibu moja tu kwa kutafuta mtandaoni, wanalisoma na kuondoka.

Wasiosema wana madhara ya kweli. Mwaka 2013 Taiwan iliitoza Samsung faini kwa kulipa watu waiponde HTC, kampuni ya simu iliyoshindana nayo, mtandaoni wakijifanya watumiaji wa kawaida. Umoja wa Ulaya nao, tangu maelekezo ya 2005, unahesabu mfanyabiashara kujifanya mteja kuwa ni ulaghai. Sheria za namna hiyo zinalenga biashara zaidi. Mfanyakazi anayeandika usiku akiwa kwake, bila kutumwa na mtu, kwa sababu tu anaipenda kazi yake, huyo ni sisi wenyewe tunapaswa kumwekea utaratibu.

Na hapa wanajamvi tuna deni. Kwenye kundi moja nililokuwamo, mhandisi wa kampuni ya lenzi alijitaja tangu siku ya kwanza. Alitufafanulia kwa subira kwa nini ukali wa picha hupungua pembeni na kwa nini kuurekebisha kunaongeza uzito wa lenzi. Kila alipochangia aliandamwa: "umetumwa wewe". Akaacha kuandika. Wale ambao hawakujitaja waliendelea kusifia bidhaa zao, hakuna aliyewagusa. Tukimwadhibu anayesema ukweli, nani atajitaja tena?

Asiyeruhusiwa na mkataba wake kutaja mwajiri aseme tu "nafanya kazi kwenye kampuni ya lenzi", na akae mbali na mijadala ya kulinganisha bidhaa za kampuni yake na za washindani. Naomba wasimamizi waweke alama kando ya jina la kila aliyejitaja, na anayemshambulia mtu kwa sababu ya alama hiyo, badala ya kujibu hoja yake, maoni yake yafutwe.