Virusi viko kooni, mbona mgongo ndo unauma?

Mkuu umeuliza swali la maana sana, kwamba kama virusi vya influenza (yale mafua makali) vinakaa puani na kooni mbona mgongo na magoti ndo vinauma. Iko hivi, kirusi chenyewe hakiendi magotini, kinanasa kwenye seli za utando wa ndani wa njia ya hewa, kinaingia, kinaigeuza ile seli kiwanda cha kutoa virusi vingine ambavyo vikitoka vinavamia seli za jirani, na wakati huo we hujisikii chochote maana dalili huchukua siku 1 hadi 4 kuanza. Sasa seli zikishtuka zinamwaga kemikali za kuita kinga, zinasambaa na damu mwili mzima, ndo zinazoleta homa, baridi na hayo maumivu. Kinga yako inapigana hapo. Kikohozi kinachobaki hata wiki 2 baadae ni vile vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vinavyofagia makohozi vimeharibika, vinaota upya taratibu.

Ila nakuomba, homa ikishuka alafu ikarudi kwa nguvu, au ukianza kuhema kwa shida, wahi hospitali, inawezekana bakteria washaingia mapafuni.