Kwa nini wazee wa New Jersey wakitaja lainibeka wanaanza na LT

Mkuu, umeuliza swali la haki: kama Bruce Smith ana saki 200 na Reggie White 198, inakuwaje Lawrence Taylor, yaani LT, mwenye 132.5 ndiye anayetajwa kwanza kila walinzi bora wa futiboli ya Kimarekani wakizungumziwa? Ninaishi New Jersey, si mbali na East Rutherford ulipokuwa uwanja wa Giants, timu ya LT, na mjadala huu nimeusikia kazini miaka nenda rudi.

Tumalize takwimu kwanza. Saki ni kumwangusha kwotabeki kabla hajaurusha mpira, na ligi ya NFL ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982. LT aliingia 1981, kwa hiyo zile 9.5 za msimu wake wa kwanza hazimo. Pia Smith na White walikuwa watu wa mstari wa mbele, kazi yao karibu kila mchezo ni kwenda mbele. Lainibeka anasimama nyuma ya mstari huo au pembeni yake, na kuna nyakati anatakiwa arudi nyuma kuzuia pasi. Lakini hata ukimwongezea za 1981 hafiki 150, kwa hiyo kwa idadi hawezi kushinda.

Anashinda kwa kile alichowalazimisha wapinzani kufanya. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi zamu ya usiku, shabiki wa Giants tangu utoto, aliniambia nikitazama mechi za zamani nisiufuate mpira, nimwangalie namba 56, yaani LT, na yule aliyepewa kazi ya kumzuia. Nilifanya hivyo, na mchezo ukabadilika machoni pangu. Kabla yake, lainibeka akishambulia kutoka pembeni alizuiwa na mkimbizaji mpira, mtu mwepesi kwa kawaida. LT alikuwa na futi 6 na inchi 3, uzito wa kama kilo 107, na kasi ambayo watu wa kilo hizo hawakuwa nayo. Wakimbizaji wale aliwapita au aliwabeba.

Makocha wakaanza kuhangaika. Januari 1982 kwenye mtoano, Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alimchukua John Ayers, mkingaji wa ndani upande wa kushoto, akampa kazi maalumu ya kumsubiri LT, na 49ers wakashinda 38 kwa 24. Joe Gibbs wa Washington, aliyekutana na Giants mara mbili kila msimu, aliupanga upya ushambuliaji wake akaweka wachezaji wawili wa pembeni wanaoweza kukinga na kudaka, ili LT asibaki na mtu mdogo mbele yake. Mkuu, hebu fikiria: kocha aliyekuja kubeba Super Bowl (fainali ya ligi) tatu anapanga timu kwa sababu ya mtu mmoja ambaye kwa kawaida hagusi mpira!

Kutoka hapo ndipo mkingaji wa pembeni kushoto alipozidi kupanda thamani. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia akijiandaa kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto, na LT mara nyingi alitokea huko huko. Mwanangu alipopangwa nafasi hiyo kwenye timu ya sekondari, kocha aliwaeleza wazazi kwamba hapo anaweka kijana anayemwamini kuliko wote mstarini. Mimi nilijua hadithi hiyo inaanzia wapi.

Usiku wa 18 Novemba 1985, mjini Washington, LT na wenzake walimwangusha Joe Theismann, kwotabeki wa Washington, mguu wa kulia ukavunjika vibaya mno. Theismann hakucheza tena. Kinachonigusa kwenye picha zile ni LT mwenyewe: anaruka juu, anapunga mikono kwa nguvu kuita madaktari waingie haraka.

Mechi ninayompa mtu yeyote anayetaka kumwelewa ni ya Novemba 1988 huko New Orleans. Bega lilikuwa limechanika, amefungwa mikanda chini ya jezi, kila akigongwa anajikunja kwa maumivu. Akamaliza na saki 3 na Giants wakashinda 13 kwa 12. Msimu huo huo, sharti tuseme, alikosa mechi 4 za mwanzo kwa kufungiwa kwa dawa za kulevya. Kokeini ilimwandama miaka mingi, na baada ya kustaafu alifikishwa mahakamani kwa mambo mazito. Siwezi kumpendekeza kwa vijana kama mfano wa maisha, na wazee wenyewe wanaomsifu wakifika hapo wanashusha sauti. Ninachokitetea ni kazi yake uwanjani.

Na kazi hiyo ina vyeti. Giants hawakuwa wamefika mtoano tangu 1963; msimu wake wa kwanza walifika, na yeye akachaguliwa mlinzi bora wa ligi akiwa bado mgeni. Mwaka 1986 alipata saki 20.5 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Mlinzi mwingine aliyewahi kupewa tuzo hiyo na shirika la Associated Press ni Alan Page, 1971, basi. Super Bowl mbili, za Januari 1987 na Januari 1991, akastaafu baada ya msimu wa 1993, na 1999 akaingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la futiboli ya Kimarekani huko Canton, Ohio.

Ukitaka kuanza, tafuta mechi ya Siku ya Shukrani ya 1982 dhidi ya Detroit. Matokeo yalikuwa 6 kwa 6, Detroit wako karibu na mstari wa goli, LT akaidaka pasi yao akakimbia nayo yadi 97. Mwangalie kabla pasi haijarushwa: hashambulii, amerudi nyuma kukaba, ile kazi ambayo kwenye orodha ya saki huioni.