Nzi weusi wa mavi ya ng'ombe wanaofanana: anza na dume

Mkuu, umeuliza kwa nini nzi weusi wadogo uliowakusanya kwenye banda la ng'ombe kule Goba, Dar es Salaam, unawaona wote sawa, na kama ni kweli programu ya simu ilivyosema, kwamba ni Scathophaga stercoraria. Hilo jina liweke kando. Huyo ni nzi wa manjano mwenye manyoya mengi, wa maeneo ya baridi. Hata Ulaya ya kati hupungua sana joto la kiangazi likizidi. Wako ni weusi wanaong'aa, kiuno kimebanwa kama cha sisimizi, na kwenye video wanatembea juu ya mavi huku wakipunga mabawa yenye doa jeusi nchani. Hao ni familia ya Sepsidae.

Kupata familia ni rahisi, spishi ndiyo kazi. Usiwapange kwa ukubwa hata kidogo. Buu aliyekulia kwenye mavi yaliyojaa wenzake, chakula kikamwishia mapema, hutoka nzi mdogo, na ndugu yake aliyeshiba anaweza kumzidi mno. Rangi nayo si ya kutegemea: aliyetoka kwenye kifukofuko muda huo huo huwa amepauka, na spiriti humfifisha zaidi.

Mtazame dume, miguu ya mbele. Paja na muundi wake vina miba, vibonde na vinundu ambavyo jike hana. Hivyo ndivyo anavyombana jike kwenye shina la bawa wakati wa kupandana, na mpangilio wake hutofautiana spishi kwa spishi. Mgeuze chini ya hadubini mpaka uone upande wa ndani wa paja, kisha uchore. Nimekusanya nzi hawa tangu nikiwa mwanafunzi, na bado naamini mchoro kuliko picha, maana ukichora jicho linalazimika kuhesabu kila mwiba.

Miguu isipotoa jibu, nenda kwenye viungo vya uzazi vya dume. Kata ncha ya tumbo, iloweke kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, suuza kwa maji, weka kwenye tone la gliserini. Vaa glavu, hiyo hidroksidi inaunguza. Angalia umbo la vile vibanio viwili vya mwisho. Kipande hicho kikae kwenye kichupa pamoja na nzi wake. Kikitengana naye hakina maana tena.

Majike wa spishi jirani wanasumbua kweli. Wakamate wakiwa jozi, chupa moja jozi moja, ili dume amtambulishe mwenzake. Hakikisha wameungana kabisa, kwa sababu madume hupanda hata majike wasio wao. Vinasaba husaidia pia: watu husoma kipande cha COI, jeni inayotumika kutambulisha spishi, chenye herufi za DNA kama 658. Ila spishi zilizoachana karibuni zinaweza kufanana hata hapo, kwa hiyo mwili usiutupe baada ya kutuma mguu maabara.

Unyevu wa Dar huotesha ukungu haraka, hasa masika. Waliokauka waweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Lebo iwe na tarehe, mtaa, na mavi ya mnyama gani.

Wale wakubwa wa kijivu waliomo kati ya hao uliowakusanya ni jenasi Musca. Nzi wa nyumbani, M. domestica, ana mistari minne myeusi mgongoni, M. sorbens ana miwili mipana. Huyu wa pili ndiye anayehusishwa na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, na hupenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kwa hiyo andika kama kuna choo kisichofunikwa jirani na banda. Anaye ndugu anayefanana naye sana, M. biseta, na hapo tena ni dume atakayekusaidia: pima upana wa paji lake kati ya macho.

Tuma picha ya paja la mbele la dume, upande wa ndani, mwanga ukitokea pembeni. Tutaanzia hapo.